Risasi Tatu Kutoka Juu ya Wadi

Wanangu, na nyinyi wajukuu mnaosomea maji darasani hapo Al Khoudh, nimeshika kalamu kwa sababu ya uongo mmoja. Ni uongo uliosemwa kwa mapenzi, na mimi nimeishi ndani yake zaidi ya miaka hamsini. Lakini juzi, katika matanga ya Seif, niliusikia ukitoka kinywani mwa kijana anayechora madaraja, nikashtuka hata finjani ya kahawa ikanidondoka.

Jina langu Nassor. Nimestaafu kazi ya barabara, na hasa ile sehemu ya barabara inayokutana na wadi. Wadi, kwa msomaji asiyeijua nchi hii, ni mto usio na maji. Ni bonde la kokoto, kavu karibu mwaka mzima, mbuzi wanalala humo na watoto wanacheza mpira, mpaka siku linapoikumbuka kazi yake. Seif alikuwa mtoto wa ami yangu. Tulitoka Unguja pamoja baada ya mapinduzi ya 1964, tukahangaika huku na huko, mwaka uliofuata tukapata njia ya kuingia Maskati. Kule kwetu mimi nilikuwa fundi wa mifereji ya mvua na yeye karani mwenye mikono laini. Huku akajifunza kushika mwiko wa saruji, na kwa kweli akanishinda.

Kijana niliyemtaja ni Mundhir, mjukuu wake Seif, mhandisi. Watu walikuwa wakikumbuka habari za marehemu, mguu wake uliokatwa, mafuriko yale. Mundhir akasema, "Babu akitwambia siku zote, wadi haipigi hodi. Mafuriko yale yalikuja kimya kimya. Sasa kama haipigi hodi, kuna faida gani kukaa unachungulia? Sisi Ijumaa tunaegesha gari katikati ya wadi, tunachoma nyama, tunamtegemea Mungu."

Wenzake wakacheka. Mimi ndipo finjani iliponitoka. Nikamtazama mtoto yule na suruali yake iliyopigwa pasi, nikaona kwamba mimi na babu yake tumemfundisha jinsi ya kufa.

Basi nisikilizeni, nitaeleza kama inavyonijia.

Msimamizi wetu wakati ule alikuwa Hamdun, mtu wa milimani aliyewahi kuuza duka Wete miaka ishirini, akarudi kwao na Kiswahili cha Kipemba na hasira zake mwenyewe. Sisi tukimwita ami, kwa adabu, na Mmanga, yaani Mwarabu wa huku, tukiwa peke yetu. Alikuwa bahili wa tumbaku na hodari wa kukosoa. Chai ukimtengezea ataikosoa, godoro lako atalikosoa, mama yako aliyekulea atamkosoa. Na neno alilolipenda kuliko yote ni "hesabu". Akivuka mahali huhesabu hatua. Akisikia radi huhesabu mpaka ya pili. Mimi na Seif tulikuwa tukimwigiza jioni mpaka mbavu zinatuuma.

Ilikuwa kazi ya kampuni moja ndogo ya ujenzi, ambayo haipo tena. Tulikuwa tunatengeneza njia ya malori, kokoto na vumbi tu, kutoka upande wa Darsait kuelekea bara. Msidhani palikuwa na lami. Maskati yenyewe ilikuwa bado ndani ya ukuta wake, usiku malango yanafungwa, na mtu akitembea nje gizani lazima ashike kandili. Magari ungeweza kuyajua kwa majina ya wenyewe.

Mvua ya kwanza niliyoiona huku ilikuwa haba, ya kuchekesha. Wadi ikatoa maji ya magotini. Lori letu likasimama ng'ambo na ami Hamdun akasema tungoje. Mimi nikaangua kicheko. Mtu nimezaliwa na masika, nimezibua mifereji maji yakiwa kifuani, leo nitishwe na maji haya?

"Ami, haya ya kutilia udhu," nikamwambia, nikapandisha kikoi nikaingia.

Hatua ya nne sikuiona. Miguu yangu miwili ilikwenda baharini na kichwa kikabaki kinashangaa. Nilibingirika juu ya mawe kama gunia la nazi, nikashika kichaka, nikatoka upande uleule nilioingilia, bila ndara na bila kikoi. Wafanyakazi wote walikaa chini kwa kucheka. Seif akanifunika kwa gunia tupu la saruji huku machozi yanamtoka.

Hamdun hakucheka. Akachukua kipande cha kuti, akakitupa majini, akatembea nacho ukingoni akihesabu. Halafu akasema, "Maji yaliyosimama pima kwa kimo. Yanayokwenda pima kwa mwendo. Yakizidi mwendo mara mbili, hayakusukumi mara mbili, yanakusukuma mara nne. Huko Unguja umeyaona maji yamekaa, mwanangu. Haya yana safari yao."

Mara nne. Baadaye sana nilikutana na mhandisi aliyeniandikia jambo hilohilo kwa herufi na namba, nikamwambia mimi nimelilipia kwa kikoi.

Jambo jingine alilonifundisha ni kwamba maji hayagombani na ukuta. Kalvati yangu ya kwanza, kijidaraja cha kupitishia maji chini ya barabara, niliijenga imara, ningeweza kuiapia. Yakaja mafuriko ya wastani, yakapita juu yake, yakaangukia upande wa chini, na pale yalipoangukia yakachimba. Asubuhi tulikuta saruji haina hata ufa, lakini chini yake hapana kitu. Ukilala kifudifudi unaona mwanga wa upande wa pili. Nilishika kichwa. Tangu hapo upande wa chini nachimba msingi mrefu kuliko upande wa juu, na napanga mawe makubwa mbele yake ili maji yaangukie juu ya mawe yachoke. Siku hizi mnajenga vivuko vya chini, barabara inalala na maji yanapita juu yake kwa heshima. Vizuri sana. Ni bora kumpisha mwenye nguvu kuliko kumbishia mlangoni.

Sasa niseme habari ya bunduki, maana bila hiyo hamtanielewa.

Sisi tuliotoka Unguja mwaka ule tulitoka na bunduki masikioni. Wiki yangu ya pili Maskati nilikuwa natembea Matrah mchana kweupe, pakaalika risasi nyuma ya nyumba. Sikujua nilifikaje, lakini nilijikuta chini ya lori, uso kwenye mafuta, nasoma shahada. Nilipochungulia nikaona miguu ya watu wamesimama wananitazama. Ilikuwa harusi. Watu wanacheza na panga na bunduki, wanafurahi, na mimi namkabidhi Mungu roho yangu. Kwa miezi wafanyakazi waliniita Baba Lori. Ilitosha mtu apige mlango kwa nguvu, mwenzake aseme, "Baba Lori, ingia chini!"

Liliniuma jina lile. Nikajilazimisha. Ikilia bunduki sigeuki, sinyanyui hata jicho. Baada ya miaka miwili nilikuwa naweza kunywa chai harusini na bunduki inalia ubavuni pangu, mkono hautikisiki. Nilijiona nimepona, na nilijivunia sana.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto kali, mbingu juu yetu tupu kabisa. Tulikuwa Wadi Adai, tumelaza safu tatu za mabomba ya zege na kuyafukia, barabara imeshapita juu yake kama boma. Mtu akichuchumaa aliweza kuingia ndani ya bomba. Seif alikuwa ndani ya lile la katikati anaziba viungo kwa saruji, na mimi nimekaa kwenye mdomo wa chini, maji yanakotokea, nampitishia makarai. Wafanyakazi wengine walikuwa wamekwenda kupakia mawe. Hamdun alikuwa amepanda ukingoni kusali alasiri, na kabla ya kupanda aliniambia, "Nnakwenda kusali. Kazi iko mikononi mwako."

Nyuma kabisa, milimani, palikuwa na wingu dogo jeusi. Nililiona, sisemi sikuliona. Lakini mtoto wa Unguja anajua mvua kwa kutazama juu ya kichwa chake. Ikiwa haimnyeshei yeye, ni ya watu wengine.

Ndipo bunduki ikalia, mbali, kutoka juu ya wadi. Tatu. Kimya. Halafu tatu tena.

Seif akatambaa akatoa kichwa, nyusi zimejaa saruji. "Yakhe, bunduki hizo?"

"Harusi," nikasema.

"Mchana huu wa moto?"

"Wamanga hawa, bwana, wana saa? Saruji inaganda. Maliza karai lako."

Akanitazama kidogo. Alikuwa ananiamini, mimi ndiye fundi wa maji katika ukoo wetu. Akarudi ndani.

Nilipoinua uso nikamwona Hamdun. Mtu yule hakuwahi kuharakisha sala hata siku moja, hata mvua ikimnyeshea. Sasa alikuwa ameikata sala yake katikati, anashuka ukingo mbio, miguu mitupu juu ya kokoto za moto, kilemba kinamfunguka shingoni. Anapiga kelele na mimi simsikii. Nikadhani ni nyoka. Wallahi nilidhani ni nyoka, nikatazama chini ya miguu yangu.

Kisha upepo ukageuka baridi. Ghafla tu, katika joto lile, na ndani yake harufu ya vumbi lililolowa. Mbuzi waliokuwa wamelala kivulini wakainuka wote pamoja wakaparamia mwamba. Nikasikia kitu ambacho mpaka leo sikipendi, mawe yakigongana chini kwa chini, mbali, mengi.

Yakatokea kwenye kona. Mbele hayakuwa maji. Ilikuwa ni taka inayotembea, makuti, magogo, vichaka na mizizi yake, punda aliyekufa, yote yanasukumana na kupandana, kimo cha kiuno tu. Nyuma yake ndiyo rangi ya kahawia, na kila nikitazama inapanda. Jua linawaka. Hakuna tone la mvua. Akili yangu ilikataa. Nilisimama na karai mkononi nikawaza, hayawezi kuwa maji, mbona hakunyeshi?

Kisha nikakimbia. Nililiita jina la Seif mara moja, sauti haikutoka, na miguu yangu ikanichukua ukingoni. Mkono wangu ulikuwa dhiraa moja kutoka mdomo wa bomba. Nilimpita Hamdun njiani, mimi napanda na yeye anashuka.

Aliingiza kichwa bombani akanguruma, "Seif! Toka! Maji!" Akamvuta kwa ukosi wa shati.

Boma letu liliyashika maji. Taka ikaziba midomo ya mabomba upande wa juu, na maji yakasimama nyuma ya barabara yakipanda kimya. Hamdun aliniambia baadaye alihesabu mpaka ishirini na sita tangu yaliposimama. Nyinyi mnaojenga, kumbukeni hapo. Mnadhani mmezuia, kumbe mmeweka akiba. Hamdun akafika ukingoni. Seif alikuwa amechuchumaa bombani saa nzima, miguu imekufa ganzi, akawa anajikokota nyuma yake. Barabara ikapasuka katikati. Niliona bomba la zege, ambalo watu wanane tulilisukuma kwa magogo siku nzima, likiruka majini kama kopo. Lilipita juu ya Seif. Halafu sikumwona tena.

Nikaanza kukimbia kufuata maji. Hamdun akanishika mkono. "Huko wapi? Utashindana nayo mbio?" Akanivuta njia nyingine kabisa, kukata kilima. Nilifikiri amerukwa na akili. Kumbe alikuwa anakwenda kwenye kona ya chini, ukingo wa ndani. Maji yakifika kwenye kona hukimbilia ukingo wa nje na kuula. Ndani ya kona ndiko yanakopungua mwendo, na yakipungua mwendo yanatua kila yalichobeba. "Alichokichukua atakiweka pale," akasema huku anahema, anayasema maji kama anamsema mtu. "Akitaka Mungu, akiwa hai."

Tulimkuta amezikwa kokoto mpaka kifuani, amekumbatia fungu la makuti, macho wazi. Hamdun akafungua kilemba chake chote, akamtupia, tukamvuta. Mguu wa kulia chini ya goti ulikuwa hauna umbo. Nililia kwa sauti mbele ya Hamdun. Seif alikuwa akitetemeka na kunitazama mimi tu.

Hospitalini Matrah wakaukata.

Siku ya tatu akaja mhandisi mgeni wa kampuni na mkalimani wake, akasimama mbele ya kitanda na daftari. Alitaka kujua kama palikuwa na ishara yoyote, na nani aliyekuwa na dhamana ya kazi wakati ule. Nilijua maana yake. Mtu wa Zinjibari asiye na karatasi akifukuzwa kazi hana pa kwenda, na mimi nilikuwa na mke na mtoto wa miezi miwili. Nikafungua mdomo niseme. Seif akanitangulia, midomo imekauka, akasema, "Mwambie hapakuwa na kitu. Maji yamekuja kimya. Wadi haipigi hodi."

Mhandisi akaandika. Hamdun alikuwa amekaa pembeni. Alimtazama Seif, akanitazama mimi, akashusha macho yake chini.

Nje, kwenye baraza la hospitali, akanipa tumbaku. Yeye, Hamdun, alinipa tumbaku. Nikajua mambo ni mazito.

"Ulizisikia?" akaniuliza.

"Nilizisikia, ami."

"Ngapi?"

Nikaigeuzageuza tumbaku kiganjani. Nilikuwa nazijua, lakini sikuwa nimezihesabu.

"Harusi haihesabu," akasema. "Mwenye furaha anapiga mpaka risasi zimwishie. Anayekuonya anapiga tatu, ananyamaza akupe nafasi, anapiga tatu tena. Mtu wa kijiji cha juu ametumia risasi sita kwa ajili ya roho yako, na hakujui hata jina." Akainuka akaenda zake. Hakulitaja tena jambo hilo mpaka alipokufa.

Nimefanya kazi ya wadi miaka mingi baada ya hapo, na mshtuko ule haujaniacha. Simu zenu siku hizi zinatoa onyo, pana taa nyekundu na vijiti vya kupimia kimo. Si vibaya. Lakini maji yenyewe yanapiga hodi tangu zamani. Tazameni milimani, si juu ya vichwa vyenu. Upepo ukipoa ghafla, harufu ya vumbi bichi, mbuzi wakipanda, mawe yakisema chini, hiyo ni hodi. Na msivuke maji ya magotini kwa sababu tu mnayaona magotini.

Seif aliishi na mguu wa mti, kisha wa plastiki, akazaa, akafungua duka la vitambaa, akawa mtu wa maneno kuliko sisi sote. Hakuniuliza hata mara moja kwa nini nilikimbia. Uongo wake aliusimulia kwenye kila baraza, akaupamba, mpaka nadhani watoto wake waliunyonya pamoja na maziwa. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo hakuna aliyeielewa ila mimi: kila bunduki ikilia harusini, alikuwa na swali kwangu.

Mundhir, unakumbuka siku ya harusi yako, mwaka jana? Wachezaji walipopiga bunduki nje ya ukumbi, mimi na babu yako tulikuwa tumekaa kwenye kochi, sahani ya haluwa katikati yetu. Yeye akaniinamia sikioni. Ukatuona tunacheka mpaka tunakohoa, ukaja ukatuuliza tunacheka nini. Tukakwambia mambo ya wazee.

Aliniuliza, "Yakhe, bunduki hizo?"

Nikamwambia, "Harusi."

"Wallahi?"

"Nimehesabu, Seif."

"Basi," akasema, akakitwaa kijiko chake, "nnamaliza karai langu."